Likizo ya familia mwezi wa saba: ukodi ndege ndogo nzima, ununue siti, au mwende na gari tu?

Ikikaribia mwezi wa sita maswali huwa ni yale yale. Shule zinafunga, ndugu walioko Ulaya na Marekani wameshakata tiketi za kuja nyumbani maana huko kwao ndo samma, yaani msimu wao wa joto, na kila familia iliyochanga hela ya kwenda mbugani au kisiwani inajiuliza ipande ndege ndogo au iende na gari. Ukimuuliza wakala anakutajia bei tatu zilizopishana mbali, afu haelezi kwanini zimepishana, unabaki unachagua kwa kuangalia picha tu.

Msimamo wangu nauweka mapema. Ndege ndogo inalipa kama njia ya chini inakula siku nzima ya likizo au inakuvusha bahari wakati upepo wa kusi unavuma, na kukodi ndege nzima kunalipa kama mko watu wa kutosha kujaza siti. Vikikosekana vyote viwili, hela hiyo iongezeni kwenye siku za kulala huko huko na watoto watafurahi zaidi. Na sio suala la nani anazo na nani hana, nimeona watu wenye uwezo wao wanakodi ndege kwenda sehemu ambayo gari ingewafikisha kabla ya chakula cha mchana, na nimeona familia tatu za kawaida kabisa, watumishi na wafanyabiashara wadogo, wanachanga na kupata ndege yao wenyewe kwa hela ile ile ya siti.

Tuelewane kwanza tunaongelea ndege gani. Utakayoiona zaidi pale Arusha, Zanzibar, jengo la kwanza la uwanja wa Dar, au Wilson kwa walioko Nairobi, ni Cessna Caravan, ile yenye injini moja mbele na bawa limepita juu ya madirisha, huku kwetu mara nyingi inafungwa siti 12 au 13 za abiria. Bawa kuwa juu ni raha ya watoto kwa sababu kila dirisha linaona chini, hamna wa kulalamika kwamba kakaa kwenye bawa. Injini yake inatumia mafuta ya taa ya ndege, yale yale ya ndege kubwa, inakwenda kilometa 300 na ushee kwa saa na inatua kwenye kiwanja cha vumbi bila wasiwasi. Haina choo, na hewa ya ndani haishindiliwi kama kwenye ndege kubwa, kwa hiyo mkipanda juu masikio yanajua mmepanda juu. Ya juu yake ni Pilatus PC-12, nayo injini moja ila hewa ya ndani inashindiliwa na inafika karibu kilometa 500 kwa saa, siti chache na bei yake ni nyingine kabisa. Chini yake kuna vindege vya watu 4 mpaka 6, Cessna 172 na 206 na wenzao, na hivyo ndo vingi vinamilikiwa na watu binafsi.

Siti ya ratiba au ndege nzima

Ukinunua siti kwenye ndege ya ratiba unapanda na wageni wengine, na inakwenda kama daladala, inatua hapa inashusha wawili, inaruka dakika kumi, inatua pale inapakia mmoja. Arusha mpaka Seronera, katikati ya Serengeti, moja kwa moja ni kama saa moja, lakini ikipangiwa kupita Manyara kwanza na kiwanja kingine tena katikati, saa hiyo inarefuka. Muda ulioandikwa kwenye tiketi uchukulie kama makadirio, saa kamili unathibitishiwa jioni ya siku moja kabla baada ya wao kujua nani anashukia wapi. Kwa watu wazima haina neno. Kwa mtoto anayetapika, kila kutua na kuruka tena ni mtihani mpya, na hapo ndo unaanza kuelewa kwanini kuna watu wanalipa zaidi.

Ukikodi ndege nzima, yaani chata, mnaondoka saa mliyokubaliana, hamsimami njiani, na kama mna bibi asiyeweza kukaa benchi uwanjani masaa mawili au mtoto mchanga mwenye ratiba zake za kulala, hiyo peke yake ni kitu kikubwa. Pia kama wageni wenu wanashuka KIA, ule uwanja mkubwa wa Kilimanjaro, na ndege ya usiku kutoka Amsterdam, chata inaweza kuwafuata pale pale kesho yake asubuhi badala ya kuwahamisha mpaka uwanja wa Arusha.

Sasa kwenye hela. Kosa linalowaumiza wengi ni kudhani kwamba kukodi ndege ni bei ya siti mara idadi yenu. Hapana. Ndege inalipiwa kwa muda inaokaa hewani, na inalipiwa pia inaporudi tupu, kwa sababu haiwezi kubaki Seronera inawasubiri siku nne, inarudi nyumbani kufanya kazi nyingine. Chukua namba za mfano tu, sio bei ya kampuni yoyote: tuseme siti ya kwenda ni dola 200 na saa moja ya Caravan ni dola 1,200. Safari ya saa moja, kwenda na kurudi tupu ni masaa mawili, jumla 2,400. Familia ya watu 5 kwenye siti za ratiba inalipa 1,000, ikikodi nzima inalipa 2,400, yaani kila kichwa 480. Familia tatu zikiungana mkawa 12, kila kichwa ni 200, mmelingana na siti za kawaida na ndege ni yenu peke yenu. Bei halisi zinabadilika na mafuta, na mwezi wa saba na wa nane ziko juu, ila hesabu inakwenda hivyo hivyo kila mwaka, kwa hiyo kabla hujauliza bei hesabu vichwa kwanza. Chini ya watu 8 mimi sikushauri ukodi Caravan labda kuna sababu ya afya au muda, na mkiwa wanne watano uliza kama wana ndege ndogo zaidi ya hiyo.

Kuna njia ya katikati ambayo mawakala wengi hawaitaji mpaka uulize. Ndege inayorudi tupu kutoka kumpeleka mtu mwingine lazima irudi hata hivyo, na wenye ndege wanafurahi kuiuza kwa bei ya kutupa. Ubaya wake huchagui siku wala saa, na yule mwenye safari ya kwanza akibadilisha mipango yako imekufa. Kwa familia iliyoko likizo bila haraka inawezekana kabisa. Kwa mwenye tiketi ya kurudi Stockholm keshokutwa, asijaribu.

Mzigo

Hapa pana umuhimu kuliko watu wanavyodhani na ndo pameharibu safari nyingi za ndugu wanaotoka nje. Kampuni nyingi za ndege ndogo zinaruhusu kilo 15 kwa mtu mmoja, na hiyo ni pamoja na mkoba wa mkononi na kamera, kwenye begi laini lisilo na fremu wala matairi magumu. Mtu katoka Toronto na masanduku mawili ya kilo 23 kila moja, moja limejaa zawadi, anafika kaunta anaambiwa hayaingii. Na kweli hayaingii, buti ya Caravan iko chini ya tumbo la ndege, mlango wake ni mfupi, begi laini linasukumwa likajipinda likakaa, sanduku gumu linagoma hata kama lina kilo 10. Pale kaunta utaona mzani, na sio mzani wa mabegi tu, kwenye baadhi ya safari na abiria naye anapanda, baba, mama, mtoto na mdoli wake, jamaa anaandika kilo kwenye karatasi, afu rubani anapanga nani akae wapi. Msimwonee aibu wala msimdanganye kilo, hiyo karatasi ndo inayomwambia ndege itanyanyuka pale au haitanyanyuka. Kama mna mzigo mkubwa, acheni Arusha au Dar hotelini au kwa ndugu, au lipieni siti moja ya ziada iwe ya mabegi, kampuni nyingi zinakubali ukisema mapema.

Gari kwa upande huo linashinda bila ushindani. Land Cruiser inabeba kila kitu, na kuna buti la maji, ndizi, pampasi, mpira wa watoto na begi la dawa la mama.

Serengeti: gari na ndege kwa pamoja

Arusha mpaka Seronera kwa gari ni kilometa 320 hivi, masaa saba au nane, lami inaishia geti la Lodoare unapoingia Ngorongoro, kutoka hapo ni vumbi na mitikisiko mpaka Naabi, geti la Serengeti, na kuendelea. Na ukipita Ngorongoro unalipia hata kama unapita tu kwenda Serengeti, hiyo hela watu wanaisahau kwenye bajeti. Ukisikia hivyo unaweza kusema basi ndege. Subiri kwanza. Hiyo njia ya chini sio ya kupoteza, kuna Manyara, kuna Karatu, kuna lile shimo la Ngorongoro, kuna Olduvai, na ukigawanya safari ukalala Karatu usiku mmoja au miwili watoto hawachoki na kila siku wanaona kitu. Afu gari mliloondoka nalo Arusha ndo mtakalozungukia nalo mbugani, dereva wenu, muda wenu, mkitaka kukaa na simba saa zima mnakaa.

Ukienda na ndege, mkishuka kiwanjani mnachukuliwa na gari la kambi, na kambi nyingi gari hilo mnachangia na wageni wengine, mtoto wa miaka minne akilia chui yuko mtini mnatazamwa wote. Mkitaka gari la peke yenu kuna malipo ya kila siku juu ya bei ya kulala, na hayo malipo ndo yanageuza hesabu, nimeona familia imeshinda kwenye ndege ikashindwa kwenye gari la kambi. Uliza hilo kabla ya kulipa chochote, na uliza pia umri wa chini wa mtoto, kuna kambi hazipokei walio chini ya miaka mitano au sita.

Kwa hiyo kwa Serengeti mimi nachagua mchanganyiko: kwenda na gari taratibu, kurudi na ndege. Manake ile safari ya kwenda kila kilometa ina kitu cha kuangalia, ile ya kurudi ni ile ile kwa kinyume na watoto wameshaona vumbi la kutosha. Dereva anarudi na gari tupu, utalipia siku yake ya kurudi, sawa. Nyie mnapanda ndege Seronera, mnabadilisha Arusha na jioni mnakula pweza Forodhani, Zanzibar. Ni nzuri sana hiyo kwa walioko likizo fupi.

Isipokuwa kama shabaha yenu ni nyumbu kuvuka mto Mara. Mwezi wa saba mpaka wa tisa wanakuwa kaskazini, upande wa Kogatende, na kutoka Seronera kwenda huko ni masaa mengine ya gari, kutoka Arusha hamfiki siku moja na watoto mkabaki na nguvu. Hapo ndege kwenda na kurudi, sina mjadala. Kabla ya kutua rubani anaweza kupita chini kwanza juu ya kiwanja kama pundamilia wamekaa katikati, wanakimbia, anazunguka, anakuja kutua, na ndani ya ndege watoto wote wamebandika pua kwenye vioo wanapiga kelele, na hamjaanza hata kulipia gemu draivu.

Mafia: bahari ya mwezi wa saba

Hapa ndo pananigusa zaidi maana watu wanapanga safari ya Mafia kwa kuangalia ramani, wanaona kisiwa kiko pale pale karibu na Rufiji wanadhani ni kuvuka kidogo. Njia ya chini ni barabara ya Kilwa mpaka kukata kwenda Nyamisati, masaa kama matatu kutoka Dar kutegemea foleni ya Mbagala, afu kivuko au boti kwenda Kilindoni, masaa kadhaa majini, na vyombo vinaondoka kufuata maji kwa hiyo unaweza kujikuta unaamka usiku wa manane. Mwezi wa kumi na mbili bahari imelala, ni safari nzuri na rahisi. Mwezi wa sita mpaka wa nane kusi inavuma, mkitoka kwenye mdomo wa mto ukaingia mkondo wa Mafia wenyewe mawimbi ni ya kweli, watu wazima wanatapika sembuse watoto. Wenyeji wanavuka kila siku na nawaheshimu, ila familia iliyokuja likizo na mtoto wa miaka miwili sioni sababu.

Ndege kutoka Dar ni nusu saa na kidogo. Ni ndege ndogo za kawaida za ratiba, hakuna haja ya kukodi nzima, na nusu ya njia mnapita juu ya delta ya Rufiji, mikoko imejikunja kama ubongo wa mbuzi mpaka ufukweni, maji ya udongo yanaingia kwenye bluu na unaona kabisa mstari pale yanapokutana. Mtoto wa darasa la tano akiiona hiyo ameelewa jiografia. Bei ya ndege ni mara kadhaa ya kivuko, hilo halipingiki. Lakini njia ya chini inakula siku moja kwenda na moja kurudi, likizo ya siku nne mnabaki na siku mbili. Moja tu niwaambie ukweli: kama mnakwenda kwa ajili ya papa potwe, msimu wake mkubwa ni kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa pili, mwezi wa saba msitoe hela ya ndege mkitegemea kumwona. Kasa, matumbawe ya Chole na kupumzika, sawa.

Mikumi na Nyerere

Mikumi sikushauri ndege ukitokea Dar. Tangu SGR ianze 2024 mnapanda treni Dar, kama masaa mawili mko Morogoro, gari linawasubiri, saa moja na nusu hivi mko mbugani, watoto wamekula chipsi kwenye treni na wamefurahia treni kuliko wanyama. Hata kwa gari moja kwa moja ni lami mpaka ndani, barabara ya kwenda Iringa inapita katikati ya hifadhi, mwendo umewekewa kikomo na ukigonga mnyama unalipa faini. Ndege ya Mikumi ina maana kwa aliyeko Zanzibar anayetaka kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na hao ndo wateja wake wakubwa.

Nyerere, ile iliyomegwa kutoka Selous 2019, ni tofauti. Lami nzuri mpaka Kibiti, baada ya hapo mpaka geti la Mtemere inategemea mvua iliyopita imeacha nini. Kiangazi inapitika, inachosha. Hapa naona familia ya watu wanne waende na gari kama wanalala siku tatu na zaidi, wakilala moja au mbili wapande ndege.

Kwa walioko Kenya kwa kifupi: Diani na Mombasa treni ya tangu 2017 imeshapunguza sana sababu ya kukodi ndege, Lamu ndege bila kufikiri mara mbili, mnatua Manda na boti dakika chache mko mjini. Maasai Mara inategemea geti, ya Sekenani ni lami mpaka pale, za ndani zaidi ndege inawaokolea mgongo.

Hali ya hewa ya msimu huu

Kwenye nchi za baridi, wakati wa samma, tatizo la ndege ndogo ni joto na radi za mchana. Huku kwetu ni kinyume, mwezi wa saba ni kipupwe, na shida kubwa ni mawingu ya chini asubuhi pale Arusha na Nairobi. Ndege hizi kwa safari nyingi za mbugani rubani anatakiwa aone nje kwa macho, na asubuhi ya Julai mlima Meru unaweza usiuone kabisa, ukungu umekaa juu ya mapaa. Ndege ya saa mbili asubuhi inakuwa ya saa nne. Mkichagua ya mchana, mawingu yamepanda lakini jua limechemsha ardhi na mnarushwa rushwa kidogo mkiwa juu ya nyika, kwa mwenye tumbo jepesi ni mbaya. Ukiniuliza mimi na watoto, nachagua ya asubuhi na nakubali kusubiri, kuchelewa uwanjani kuna chai, kutapika angani hakuna pa kwenda.

Halafu kuna mwisho wa siku. Viwanja vya mbugani havina taa, na jua huku linazama saa kumi na mbili na nusu hivi au karibu na hapo, kwa hiyo rubani akichelewa mahali pa kwanza, kiwanja cha mwisho kinaweza kuahirishwa mpaka kesho. Hakuna kubembeleza hapo.

Urefu wa kiwanja kutoka usawa wa bahari nao unahusika. Arusha ni karibu mita 1,400, Wilson karibu 1,700, hewa huko ni nyepesi, ndege inahitaji mbio ndefu kuondoka na inabeba pungufu kuliko ingebeba Dar. Ndo maana kampuni moja inaweza kukubali watu 12 kutoka Dar na kukataa mmoja kutoka kiwanja kifupi cha milimani, wala hawakuonei.

Watoto ndani ya ndege

Chini ya miaka miwili anapakatwa, kuanzia miwili ana siti yake na analipiwa, wengine wanapunguza bei ya mtoto wengine hawapunguzi. Masikio ndo kitu cha kwanza. Mchanga mnyonyeshe wakati wa kushuka, sio wa kupanda tu, kushuka ndo kunauma. Mkubwa mpe pipi au maji anyonye kwa mrija. Mwenye mafua makali muoneshe daktari kabla, kwenye ndege isiyoshindilia hewa anaweza kulia njia nzima na sio deko. Choo aende kabla, mara ya mwisho kabisa, hata akisema hataki. Kelele ya injini ni kubwa, beba vizuia sauti vya masikio hasa kwa wadogo. Na sweta, maana juu kuna baridi hata kama Dar mmeacha joto.

Mkiwa na rubani mmoja, wakati mwingine anamruhusu abiria kukaa siti ya pembeni yake. Ikitokea, mpe mtu mzima aliyetulia au kijana mkubwa anayesikia anachoambiwa, sio mdogo mwenye mikono ya kugusa gusa.

Ndege ya rafiki

Hili nalisema kwa uzito wote. Kuna watu tunafahamiana nao wana leseni na kandege kao, na wanasema kwa moyo mweupe jumamosi twende Pangani na familia. Kwanza hesabu. Cessna 172 inabeba kama kilo 400 za mafuta, watu na mzigo vyote pamoja. Tenki likijaa ni kama 145, zinabaki 255. Baba 90, mama 75, watoto 35 na 28, hiyo ni 228, zimebaki 27 kwa mabegi yote, na rubani ni mmoja wa hao wanne, kama rubani ni rafiki basi mmoja wenu habaki na siti. Mafuta ya injini za pistoni, ile avgas, hayapatikani kila kiwanja, kwa hiyo huwezi kusema tutajaza kidogo tutaongeza njiani.

Pili, leseni ya rubani binafsi haimruhusu kubeba abiria kwa malipo. Akikuambia nipe tu dola mia tatu tutakwenda, hiyo tayari ni biashara isiyo na cheti, na bima nyingi za safari na za maisha zinamwacha nje mtu aliyekuwa kwenye ndege ya binafsi isiyo ya kampuni iliyosajiliwa. Soma karatasi yako ya bima leo.

Tatu ni ule msukumo wa kufika. Tarehe 16 Julai 1999 John F. Kennedy Jr., mtoto wa yule rais wa Marekani, alirusha ndege yake mwenyewe aina ya Piper Saratoga kuelekea kisiwa cha Martha's Vineyard huko Marekani, usiku, juu ya bahari, kuna utusitusi, yeye na mke wake wakielekea kwenye harusi ya familia na shemeji yake wakimshusha njiani. Hakuwa na kibali cha kuruka kwa vyombo peke yake bila kuona nje, na wachunguzi walisema alipoteza mwelekeo, hakujua tena juu ni wapi chini ni wapi. Wote watatu walikufa. Ndege haikuwa mbovu. Rubani wa kampuni akisema leo hatuendi anayemuunga mkono ni bosi wake na sheria, rubani rafiki yako anayemsubiri kuamua ni watoto wako wamevaa kofia za jua wanauliza tunaondoka saa ngapi, na hilo ni zito kwa mtu. Kama utapanda, iwe mchana, hewa safi, safari fupi, na mwambieni kabla kabisa kwamba akisema hapana hakuna atakayenuna.

Kabla ya kulipa

Uliza kama kampuni ina cheti cha uendeshaji, wenyewe wanakiita AOC, kutoka TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, au KCAA kwa Kenya, na jina lililo kwenye cheti liwe ndo jina la anayerusha ndege, sio la wakala tu. Uliza marubani ni mmoja au wawili. Uliza bei uliyopewa imeingiza VAT, ada za kutua na ile safari ya kurudi tupu au utaletewa ankara nyingine. Kwa safari za juu ya maji uliza maboya ya watoto na ya mchanga, sio ya watu wazima peke yake. Uliza hali ya hewa ikizuia nani analipa hoteli ya usiku huo, na jibu ulipate kwa maandishi. Wanaokwenda ndani kabisa ya mbuga, hata kwa gari, wakate ile bima ya AMREF Flying Doctors ya kuchukuliwa kwa ndege ukiumwa, gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kukodi ndege ya wagonjwa siku hiyo hiyo.

Na ndugu zangu wa nje, ndege ndogo ya kutoka mbugani na ndege kubwa ya kurudi kwenu zisiwekwe siku moja. Wekeni usiku mmoja katikati, Arusha, Dar au Zanzibar, kokote mnakoondokea. Mawingu ya asubuhi hayajui mna tiketi ya saa nne usiku, na siti za Agosti za kurudi Ulaya ukiikosa moja, familia ya watu watano kupata nyingine kwa pamoja inaweza kuchukua siku kadhaa.